Sista Aliyejua Damu Zetu

Sista alikusalimu kwa kidole gumba. Alikufuata pale ulipokuwa, kwenye mfereji, mlangoni, hata njiani watu wakitoka kanisani, akavuta ngozi ya chini ya jicho lako na kuchungulia ndani kama mtu anayekagua sufuria iliyoungua. Akiona wekundu alikuachia, na hapo sasa akakuuliza habari za nyumbani. Akiona weupe alinyamaza, na huko kunyamaza kwake ndiko tulikokuogopa.

"Huna damu," alisema mwishowe. "Jana mlikula nini?"

Ukijibu ugali na sukuma, aliuliza sukuma ilikaa motoni muda gani. Ukijibu chai na mkate, alikutangulia mpaka kwa mwenye bucha, akakuchagulia maini wewe ukisimama nyuma yake kama mtoto. Vijana wa mtaa walikuwa wakimwona kwa mbali wanafumba macho. "Sista, leo mi niko fiti," walimwambia. "Angalia huyu, huyu ndio ameisha." Naye aliwaangalia wote, mmoja mmoja, bila kucheka.

Tulikaa ukuta kwa ukuta pale mtaani Jericho kwa miaka mingi. Mimi nilikuja kutoka upande wa Bungoma kumfuata mume wangu, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha sabuni kule Industrial Area. Sista alikuwa mtu wa Murang'a, anaishi peke yake, na alikuwa muuguzi katika kliniki ya akina mama upande wa pili wa Jogoo Road. Jina lingine zaidi ya Sista sikuwahi kumwita.

Sijapata kuona mtu mwoga kama yeye. Radi ikipiga alizima redio, akafunika kioo kwa leso na kukaa sakafuni. Stovu ya mafuta ya taa hakuiacha ikiwaka peke yake hata kwenda kuchukua chumvi. Na kuvuka Jogoo Road kulikuwa shughuli nzima. Alisimama ukingoni akiangalia kulia, kushoto, tena kulia, mabasi yakipita moja baada ya lingine, mpaka apatikane mtu wa kumshika mkono wa nguo. Mara nyingi mtu huyo nilikuwa mimi, na sweta zangu zote za miaka hiyo zililegea upande mmoja. Tukifika ng'ambo aliniachia, akanyoosha sare yake, akaingia kliniki. Humo ndani alikuwa mtu mwingine.

Huyo mwingine nilimwona vizuri nilipokuwa na mimba yangu ya kwanza. Tulikaa kwenye mabenchi, matumbo mbele, na Sista akasimama mbele yetu na chupa mbili ndogo za kioo zenye damu. Damu yenyewe ilikuwa ya mwenzake wa maabara. Wauguzi wenzake walituambia kwa kunong'ona kwamba Sista hajawahi kukubali kudungwa yeye. Aliwahimiza watu wa mtaa mzima wakatoe damu, na kila mara siku yake ya kutoa ilipofika alikuwa na mafua.

Aliinua chupa ya kwanza. Ilikuwa imetiwa dawa ya kuzuia damu isigande, ikaachwa itulie, na ilikuwa imejitenga.

"Hii ya juu, ya manjano kama mafuta ya kupikia, ni maji ya damu," alisema. "Haya ndiyo yanayobeba kila kitu. Chakula ulichokula, chumvi, uchafu unaopelekwa kwenye figo. Hizi za chini, nyekundu, ni seli zinazobeba hewa kutoka mapafuni. Ndani yake kuna chuma, na chuma hicho kinatoka kwenye sahani yako. Ndiyo maana nawauliza habari za mboga mkadhani nina umbea. Sasa tazameni hapa katikati."

Tulisogeza vichwa. Kulikuwa na kamstari keupe, kembamba kama utandu wa maziwa.

"Hizi ni seli nyeupe. Ni chache sana. Lakini kidonda kikiingia uchafu, hizi ndizo zinazokwenda kupambana. Ule usaha mnaoukamua na kuutemea mate ni hizi, zimekufa kwa ajili yako."

Chupa ya pili haikuwa na dawa, na damu yake ilikuwa imeganda kama kipande cha ini. Alituambia kwamba kuna chembe ndogo kuliko zote, hazionekani kwa macho, na kazi yake ni kushikana na kuziba palipopasuka. "Bila hizo," alisema, "ungejikata ukimenya kitunguu, na sisi tungekuja kwako kwa matanga."

Mama mmoja wa nyuma aliuliza kama damu ya Mkikuyu na ya Mjaluo zinaweza kuchanganywa. Wengine wakacheka. Sista hakucheka. "Nimeshamwekea Mkamba damu ya Mluhya," alisema, "akaamka akaomba uji."

Si kwamba alijua kila kitu. Aliamini kitu chochote chekundu kinaongeza damu, na alitulisha bitiruti mpaka tukashtuka tulipokwenda chooni. Daktari mmoja kijana alimweleza kwamba rangi ya bitiruti haina uhusiano na damu. Alimsikiliza kwa heshima, akamwambia asante, na wiki iliyofuata akaniletea bitiruti. Alikuwa mlokole asiyepokea hata soda kwa mtu anayeuza pombe, lakini mama akijifungua akiwa mweupe sana alimwambia atafute ile bia nyeusi ya chupa, glasi moja jioni. Mchungaji alipomuuliza alisema, "Mimi nimemwandikia dawa. Kama duka la dawa hiyo ni baa, hilo si kosa langu."

Siku majibu ya damu yangu na ya mume wangu yalipotoka hakusema neno pale kliniki. Alikuja nyumbani jioni, akakaa, akakataa chai. Mume wangu alikuwa ametoka kazini muda si mrefu. Sista alituambia damu yangu ni kundi A hasi, na ya mume wangu ni chanya.

"Seli zako nyekundu zimekosa kitu fulani ambacho watu wengi wanacho," aliniambia. "Kukikosa hakukudhuru wewe. Lakini bwana yako anacho, na mtoto anaweza kukichukua kwake. Siku ya kuzaa, matone ya damu ya mtoto yataingia kwako. Mwili wako utaona mgeni. Utatengeneza kingamwili za kuua seli za namna hiyo, na hautasahau tena. Huyu wa kwanza atakuwa ameshatoka, hana shida. Wa pili ndiye atakayezikuta zikimngoja tumboni."

Mume wangu alikuwa ameinamia mikono yake. "Kwa hivyo damu yangu ndiyo mbaya?"

"Hakuna mbaya, Baba. Zimekataana tu."

Nilimkumbuka shangazi yangu kule nyumbani. Alikuwa na mtoto mmoja mkubwa, mzima kabisa, kisha akazika watatu wakiwa wachanga, wote wa manjano hata weupe wa macho. Watu walisema mengi juu yake. Walisema alivuka kaburi, walisema alimkosea mama mkwe. Alikufa akiamini hivyo. Nilikaa pale kwenye kiti nikihisi mtoto akicheza tumboni, na nikawaza kwamba labda huyu ndiye wa pekee nitakayepewa.

"Kuna sindano," alisema Sista. "Ukidungwa ndani ya siku tatu baada ya kuzaa, inazifagia zile seli za mtoto kabla mwili wako haujazijua. Sisi hatuna. Iko hospitali kubwa, ng'ambo ya mji. Kwa hivyo utazalia huko. Uchungu ukianza tu, mnatafuta gari. Msingoje."

Tangu siku hiyo hakulala vizuri, na mimi pia. Nilimsikia kupitia ukutani akitembea. Kila asubuhi aliuliza, "Bado?" kabla ya salamu.

Uchungu ulianza ile Jumapili ya Agosti ya mwaka wa themanini na mbili, alfajiri, pamoja na milio ya risasi. Redio ilikuwa inasema serikali imepinduliwa, kisha ikawa inapiga muziki tu, kisha ikasema haijapinduliwa. Mume wangu alitoka kutafuta gari, akarudi akiwa amepauka. Barabarani hapakuwa na gari isipokuwa ya askari. Watu walikuwa wakikimbia na masanduku ya viatu na magodoro kutoka madukani, na wengine walilala chini ambao hawakuwa wakiinuka.

Aligonga kwa Sista. Alikuja na mkoba wake, na mikono yake ilikuwa ikitetemeka hata hakuweza kufungua kifungo cha mkoba. Mume wangu ndiye aliyemfungulia. Mlio mkubwa ulisikika upande wa mjini, naye akachuchumaa kando ya kitanda changu, kichwa chini. Nilidhani atabaki pale. Kisha aliomba maji ya moto, akanawa mpaka kwenye viwiko, polepole, na alipomaliza kunawa mikono ilikuwa imetulia.

Nekesa alizaliwa mchana. Kabla hata sijamshika, Sista alikuwa ameshachukua damu kutoka kwenye kitovu, akaitia katika chupa ndogo. Nyingine akaitoa mkononi mwangu.

"Nitaipeleka mimi," alisema mume wangu.

"Wanaume wanalazwa kifudifudi barabarani," alisema Sista. "Mimi nina sare."

Aliondoka Jumatatu asubuhi na kikapu, ndani yake zile chupa mbili zimefungwa kwa kitambaa, na chupa ya chai tupu ya kubebea barafu, kwa kuwa dawa ile hutakiwa kukaa baridi. Mume wangu alimsindikiza mpaka mwisho wa nyumba. Aliniambia Jogoo Road ilikuwa tupu, hapakuwa na hata baiskeli. Sista alisimama ukingoni, akaangalia kulia, kushoto, tena kulia. Kisha akavuka peke yake.

Hakurudi siku hiyo. Saa ya kafyu ilifika na mlango wake ulikuwa umefungwa. Nilimnyonyesha mtoto nikisikiliza kila hatua nje. Niliogopa mambo mawili kwa pamoja, na nilikuwa na aibu kwa sababu sikujua ni lipi niliogopa zaidi, kwamba Sista amekufa au kwamba sindano haitafika. Jumanne asubuhi mume wangu alitaka kwenda kumtafuta, nikamkataza, kisha nikamwambia aende, kisha nikamkataza tena. Mtoto alikuwa akilala vizuri. Nilimtazama nikawaza wale wote ambao wangemfuata, na kama mwili wangu ulikuwa umeshaanza kazi yake huko ndani bila kuniuliza.

Alifika Jumanne alasiri, kofia yake nyeupe haipo, uso umekuwa wa majivu. Hakusalimu. Alifungua chupa ya chai juu ya meza, akatoa kichupa kilichozungukwa na barafu iliyokwisha kuyeyuka nusu, akanidunga. Kisha akalala kwenye sakafu yetu, na viatu vyake, mpaka asubuhi.

Yaliyompata huko alinieleza mara moja tu, miaka kadhaa baadaye, tukimenya minji mlangoni kwake. Aliniomba nisimwambie mtu akiwa hai, na sikumwambia.

Alisimamishwa na wanajeshi kabla ya kufika mjini. Walimwamuru ainue mikono. Mmoja alipekua kikapu akafungua kile kitambaa.

"Hii ni damu ya nani?"

"Ya mtoto," alisema Sista.

Alisikia bunduki ikikokiwa. Alijua amejibu vibaya, lakini ulimi haukupata jibu lingine. Hapo, aliniambia akiangalia minji yake, alijikojolea, akasikia joto likiteremka mpaka ndani ya viatu. Yule mwanajeshi aliiinua chupa akaielekeza kwenye mwanga. Damu ilikuwa imeganda, na juu yake kumejitenga maji ya manjano.

"Mbona imeharibika?"

Na Sista, mikono juu, sketi imelowa, alianza kumfundisha. Alisema hakujua la kufanya ila lile alilofanya kila Jumatano mbele ya mabenchi. Alimwambia haijaharibika, imeganda, ndivyo damu nzima inavyofanya. Akamweleza maji ya juu ni nini. Akamweleza kwamba mtoto amezaliwa jana huko Jericho, ana damu ya baba yake, na mama yake ana damu inayoikataa, na asipofika hospitali watoto watakaofuata watakufa. Wale wengine walisogea kusikiliza. Yule mwenye chupa alikuwa kijana. Alitia kidole ndani ya shati lake akatoa kile kibati cha chuma ambacho wanajeshi huvaa shingoni.

"Hapa wameandika O chanya," alisema. "Hiyo ni nzuri?"

"Ni nzuri. Hata yangu ni hiyo."

Kijana akazifunga chupa upya kwenye kitambaa. "Enda, mama. Tembea katikati ya barabara, usikimbie."

Hospitalini alikuta majeruhi mpaka kwenye varanda. Maabara hawakuwa na nafasi ya kupima damu ya mtoto mzima aliyezaliwa salama, na asingepewa dawa kabla ya damu hiyo kupimwa. Walikuwa wakitafuta watu wa kutoa damu. Mtu wa maabara alimuuliza kundi lake, na baada ya yale aliyomwambia mwanajeshi asingeweza kusema ana mafua. Alitoa damu kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akalia muda wote kama mtoto. Usiku ule alifunga watu vidonda. Jumanne mtu wa maabara akampimia chupa zake. Nekesa alikuwa chanya.

"Uliogopa?" nilimuuliza, swali la kijinga.

"Bado naogopa," alisema. "Nikisikia mlango wa gari unafungwa, naogopa."

Mwanangu wa pili, Wafula, alizaliwa miaka mitatu baadaye. Sista alimfunua macho kwenye mwanga wa dirisha, akamtazama weupe wa jicho upande huu na upande huu. Ulikuwa mweupe. Alimrudisha kwangu, akaenda nje, akakaa kwenye ngazi.

Alistaafu, akahama Jericho kwenda kukaa na mpwa wake, tukawa hatuonani. Tulikuja kukutana tena mwishoni mwa miaka hiyo ya themanini. Nilikuwa sokoni Kariokor nikimnunulia Wafula viatu vya tairi, nikasikia mtu ananigusa kiwiko. Alikuwa amekonda sana. Siku zile mtu akikonda, watu walihama benchi. Kila mahali kulikuwa na mabango ya Ukimwi, na kila mtu alikuwa na jirani aliyemtilia shaka.

"Nisindikize mahali," alisema. "Nilipimwa. Leo ndiyo siku ya majibu, na miguu imekataa."

Tulikwenda. Njiani alisema, bila mimi kuuliza, kwamba glavu zilikuwa zikiisha wakizalisha kwa mikono mitupu, miaka na miaka, na kwamba tangu asikie ugonjwa huu unakaa kwenye damu chakula kimekataa kushuka. Aliingia chumba cha majibu akanivuta niingie naye. Mama wa pale alimwambia hana kitu, yuko salama, ale.

Nilitaka kumkumbatia. Yeye alisema asante, akatoka, akatembea mpaka langoni, akasimama.

"Na wewe umepimwa?"

"Mimi? Kwa nini?"

"Ile sindano niliyokuletea. Unajua hutengenezwa kutokana na nini?"

Sikujua.

"Kutokana na yale maji ya manjano ya damu. Wanayachukua kwa watu wengi wenye kingamwili hizo, wanayakusanya. Watu wa ng'ambo, hata sijui nani. Nimeuliza madaktari. Wanasema ilisafishwa vizuri, haijamdhuru mtu. Nimewaamini." Alikuwa akinitazama usoni, wala si machoni. "Lakini silali."

Nilimwambia kwamba bila kichupa kile Wafula asingekuwapo.

"Najua," alisema. "Ndiyo maana silali."

Watu walikuwa wakitupita langoni. Ningeweza kusema nitakuja siku nyingine. Nilikuwa na viatu vya mtoto mkononi na nyumba ya kupikia.

"Basi turudi ndani," nikasema.

Majibu yangu yalikuja kutoka wiki mbili baadaye, nayo yalikuwa salama. Nilikwenda mpaka kwa mpwa wake siku hiyo hiyo nikamwambia Sista, naye akaketi akala sahani nzima ya githeri mbele yangu. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni ile asubuhi ya kutolewa damu. Nilikaa kwenye kiti, mkono wazi, mpira umefungwa juu ya kiwiko. Muuguzi alichukua sindano. Sista akavuta stuli akakaa karibu nami.

"Wewe usiangalie," alisema. "Nitaangalia mimi."

Nikageuza uso ukutani, naye akaangalia mpaka mwisho.